Kijana anayesaidia nyumbani: cha kwanza kumpotea ni marafiki, alama zinafuata

Mwl wa Kemia (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kemia katika shule ya kata huku njia ya Chanika, Dar es Salaam, na ni mwalimu wa darasa, kidato cha tatu. Kila kikao cha wazazi tunaishia kwenye mabishano yaleyale. Walimu tunasema mtoto anafeli kwa sababu kwao anatumikishwa. Mzazi anasimama, anasema bila mkono wa huyo mtoto jioni hapaliki. Mwenyekiti anafunga kikao, kila mtu anaondoka na lake, matokeo yakitoka tunalaumiana upya.

Naomba niseme ninachokiona mimi, kisha mnikosoe. Kazi za nyumbani zenyewe, kwa wengi wa vijana hawa, haziwaangushi. Kinachowaangusha ni kwamba kazi inawatoa kwenye kundi la wenzao, na katika shule zetu hizi kijana asiye na kundi hana pa kusomea hata kama jina lake lipo kwenye daftari la mahudhurio.

Kwa ambaye hajazipitia shule za kata, nieleze kidogo. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa yamejaa, na ni jambo jema, maana watoto waliokuwa wanabaki mtaani wameingia shule. Ila mwalimu mmoja mbele ya darasa lililofurika hawezi kumfikia kila mtu. Notsi anaziandika monita ubaoni, ukichelewa umekuta zimefutwa. Kitabu kimoja kinazunguka mikono mingi. Halafu kuna lugha. Mtoto ametoka shule ya msingi akifundishwa kwa Kiswahili, sekondari anakutana na Kiingereza karibu kila somo. Darasani ananakili asichokielewa. Anakuja kukielewa saa 9 alasiri chini ya mwarobaini, wenzake watano sita wamekaa kwenye diskasheni, mmoja wao akasema, "Jamani, hii elektrolisisi maana yake ni hivi," kwa Kiswahili cha mtaani kabisa. Hapo ndipo somo linapoingia. Sehemu kubwa ya ualimu shuleni kwangu inafanywa na wanafunzi wenyewe, kati ya saa 9 na saa 11 jioni.

Sasa ni nani hayupo pale saa hizo? Ni yule anayesaidia kwao.

Mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nakagua madaftari nikakuta la binti mmoja lina miandiko miwili. Wake ni mkubwa, umelala kulia. Wa pili ni mdogo, umesimama, na vichwa vya mada vimepigiwa mstari kwa kalamu ya kijani. Maana yake kuna rafiki alikuwa anamnakilia zile notsi alizokosa. Nikafungua kurasa za mbele. Kuanzia kwenye mada ya moli, ile kalamu ya kijani haipo tena. Kuna kurasa tupu, kisha mwandiko wake mwenyewe unaanzia katikati ya swali, tena kwenye pembe za karatasi kuna alama za vidole vya mafuta.

Nilimwita wakati wa mapumziko. Mama yake anachoma vitumbua. Binti anaamka saa 10 alfajiri, anawasha mkaa, anapaka karai mafuta, anageuza mpaka ndoo ya unga uliolala iishe. Saa 1 kasoro anakimbilia paredi. Vipindi vikiisha saa 8:30 anakwenda gengeni kumpokea mama ili mama aende kutafuta nazi na kusagisha mchele wa kesho. Anafunga genge saa 2 usiku. Hakuna alichonilalamikia. Alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba yeye ndiye mkubwa, na nikaona wazi kwamba kazi ile anaiona ni heshima yake.

Nikamtafuta na mwenye kalamu ya kijani. Yeye akaniambia, "Mwalimu, kila nikimwita diskasheni anasema kesho. Nikaona hanitaki." Hakuwa anajua habari za vitumbua. Walikuwa marafiki tangu kidato cha kwanza na hakuwa anajua, kwa sababu yule binti alikuwa anaficha. Anaogopa kuitwa "Mama Vitumbua" darasa zima.

Darasa hilohilo yupo mvulana, baba yake ni fundi pikipiki. Naye akitoka shule anashika spana mpaka giza linaingia, na Jumamosi kutwa. Ukipima saa, hana nafuu kuliko yule binti. Lakini yumo kwenye kumi bora. Nilipita pale gerejini jioni moja, nikakuta wenzake watatu wamekalia matairi ya zamani, mmoja anasoma swali la Fizikia kwa sauti, yeye anajibu huku amelala chini ya bodaboda ya mtu. Gereji iko njiani, kila mwanafunzi anayeshuka daladala anapita hapo. Na mvulana mwenye spana anaonekana shujaa. Binti mwenye karai anachekwa.

Hilo la kuchekwa tusilidharau. Kijana wa miaka 15 yuko tayari kufeli kuliko kuaibika mbele ya wenzake. Tena urafiki wao una hesabu zake. Leo nimekunakilia Kemia, kesho nitegemee unieleze Historia. Asiyekuwepo anabaki wa kukopa tu, na anayekopa kila siku anaanza kuwakwepa wanaomdai. Anahamia dawati la nyuma. Akisinzia hakuna wa kumgusa kiwiko. Mtihani ukija anakaa na karatasi peke yake kama alivyokaa muhula mzima.

Nilimwendea mama yake. Sikumwambia amwachishe binti kazi, ningekuwa namwambia nini mama ambaye vitumbua ndivyo vinavyolipa kodi ya chumba? Nilimwomba siku mbili zijulikane. Jumanne na Alhamisi binti abaki shule mpaka saa 11, zisiguswe hata kwa msiba wa jirani. Alinitazama kwa muda akasema Alhamisi inawezekana, Jumanne ataangalia. Mpaka sasa Alhamisi inashika, Jumanne inashika mara chache. Baiolojia yake imepanda. Hesabu bado iko chini sana. Kalamu ya kijani imerudi.

Ninachotaka tujadili: wenzangu mnafanyaje? Na wazazi mliomo humu, nini kinawazuia kumpa kijana saa ambazo ni zake na zinajulikana?

---

Mama Genge:

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma yote na nimeumia, maana ni kama umeingia nyumbani kwangu.

Ila nikuambie ukweli wa upande huu. Unasema siku zijulikane. Biashara yetu haijulikani. Nikienda soko la Stereo kuchukua nyanya, leo tenga lina bei hii, kesho imepanda mara mbili, narudi na nusu tenga na inabidi nizunguke mtaa mzima ili niuze rejareja nipate faida. Siku hiyo nitamwambia mtoto ni Alhamisi yako? Mshahara wa mwalimu unaingia kila mwezi. Wangu unaingia kila jioni au hauingii.

Tena kuna hili la marafiki kuja gengeni. Niliwahi kuwaruhusu. Wiki ya kwanza vitabu, wiki ya pili simu, wiki ya tatu kijiwe. Wateja wangu ni wanawake wenye heshima zao, wanakuta vijana wamejaa benchi, wanapitiliza. Marafiki siyo wote wa kusoma nao, baba.

Kwa hiyo mimi sipingi. Nauliza tu: hao marafiki wa kalamu ya kijani mzazi anawajuaje?

---

Mzee wa Ukonga:

Kizazi cha sasa kinalelewa kwa mayai. Sisi Shinyanga tulichunga ng'ombe, tukaenda shule kwa miguu, tukarudi tukakamua, na tukafaulu. Hakuna aliyeuliza habari za marafiki. Kijana akifanya kazi anakomaa. Walimu watafute sababu nyingine.

---

Mwl wa Kemia (mleta uzi):

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nikuulize kwa heshima: machungani ulikuwa peke yako?

Najua jibu kwa sababu na mimi baba yangu alichunga. Watoto wa kijiji kizima walikutana na mifugo yao sehemu moja. Ng'ombe wanakula, watoto wanacheza, wanagombana, wakubwa wanawafundisha wadogo kuhesabu kundi. Kazi ndiyo iliyowakutanisha. Hata maji, wasichana walikwenda kisimani kwa kundi. Mtoto wa leo mjini anaoshea vyombo uani, geti limefungwa. Anauza dukani kwenye dirisha la nondo. Kazi ni ileile, pengine nyepesi kuliko yako, lakini anaifanya peke yake. Ndiyo tofauti ninayoisemea.

Mama Genge, swali lako ni zito, nitalirudia.

---

Kijana wa Chuo:

Mimi nitaongea kama niliyekuwa huyo mtoto. Niko mwaka wa pili chuo sasa, Dodoma.

Kidato cha kwanza hadi cha nne nilikuwa kwenye kibanda cha chipsi cha kaka yangu, Gongo la Mboto. Kumenya viazi kuanzia saa 10 jioni, kukaanga mpaka saa 5 usiku. Kaka alinilea baada ya wazazi kufariki, kwa hiyo sikuwahi kuona kwamba natumikishwa. Nilijiona mwanaume. Hili watu wazima hulikosea sana. Ukimwambia kijana wa hivyo "pole, unateseka" unamvunja. Anachojivunia ndicho unachomwonea huruma.

Ila marafiki nilipata, na siyo wa shule. Walikuwa madereva wa bodaboda waliokuwa wanakula pale usiku. Wananiita bosi mdogo. Wana hela, wana stori, wana umri wa miaka 20 na kitu. Kidato cha tatu nilishaanza kuona wenzangu wa darasani ni watoto. Nilikuwa naingia darasani nawaza pikipiki. Kwa hiyo mleta uzi ongeza hapo: kijana anayefanya kazi habaki bila marafiki, anapata wengine, na hao wengine wanamvuta kwenye maisha yao. Sisemi ni watu wabaya. Mmoja wao ndiye aliyenipeleka hospitali nilipoungua mafuta. Lakini hakuna hata mmoja aliyejua mtihani ni lini.

Kilichonirudisha ni jamaa mmoja wa darasa letu ambaye hakuwa na umeme kwao. Kibanda cha kaka kilikuwa na taa. Akawa anakuja kusomea pale. Mimi namenya, yeye amekaa kwenye kreti la soda na mitihani ya nyuma ya Jiografia, ananisomea swali, nalijibu mikono ikiwa ndani ya ndoo, akiona nimekosea anagonga kreti. Zile karatasi mpaka leo ninazo, zimegeuka rangi kwa mafuta. Hakuja kunisaidia, alifuata taa. Ndiyo maana haikuwa aibu kwangu. Kila mmoja alikuwa na cha kumpa mwenzake.

Baadaye kidato cha nne tulilala kambi shuleni kwa ajili ya mtihani wa taifa wa Novemba. Kaka aliniachia, akaajiri mtu. Nilishangaa siku za kwanza, sikujua cha kufanya na mikono yangu jioni. Lakini wale wenzangu nilikuwa nimeshawazoea kupitia yule mmoja, kwa hiyo nilipokelewa.

---

Afisa Ustawi:

Nawasalimu wote. Nafanya kazi ya ustawi wa jamii ngazi ya halmashauri. Niweke mambo mawili ya kisheria, maana huwa yanapindishwa pande zote.

Kumsaidia mzazi siyo kosa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ibara ya 31, unataja wajibu wa mtoto kwa familia yake, ikiwemo kuwaheshimu wazazi na kuwasaidia wanapohitaji. Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania nayo ina kifungu cha wajibu wa mtoto. Kwa hiyo mwalimu anayemwambia mzazi "unavunja sheria kwa kumtuma mtoto maji" amezidisha.

Lakini Sheria hiyohiyo ya Mtoto inasema kazi nyepesi ni kwa aliyefikisha miaka 14, na nyepesi maana yake ni ile isiyodhuru afya wala makuzi yake, isiyozuia mahudhurio ya shule wala uwezo wake wa kunufaika na masomo. Soma hayo ya mwisho mara mbili. Mtoto anaweza kuhudhuria kila siku na bado asinufaike kwa sababu amechoka. Kwa watoto wadogo, wa miaka 5 hadi 14, UNICEF na Shirika la Kazi Duniani wanatumia kipimo cha saa 21 za kazi za nyumbani kwa wiki. Kuanzia hapo wanahesabu kuwa mtoto ameelemewa. Mama yeyote anaweza kuipiga hesabu hiyo kwa vidole: saa tatu kila siku, Jumapili ikiwemo.

Kuna la tatu ambalo siyo sheria. Nilipokuwa nasoma tulipitia tafiti za Andrew Fuligni na Eva Telzer wa Marekani. Waliwapa vijana wa Los Angeles, wengi wao wa familia za wahamiaji wa Amerika ya Kilatini na Asia, kazi ya kujaza kila jioni kwa wiki mbili walichofanya na walivyojisikia. Matokeo waliyochapisha mwaka 2009 ni kwamba vijana waliosaidia zaidi walikuwa na furaha zaidi, na sababu ilikuwa kujiona wametimiza nafasi yao kama mtoto wa nyumba ile. Ndiyo anachosema Kijana wa Chuo. Halafu 2014 wakaonyesha jambo jingine, kwa vijana wenye asili ya Meksiko: katika nyumba zenye ugomvi mdogo kati ya mzazi na kijana, kusaidia kunamkinga na ulevi na dawa za kulevya. Katika nyumba zenye ugomvi mwingi, kusaidia kulekule kunageuka hatari.

Mimi hilo naliona mezani kwangu. Mtoto anayetumwa huku anatukanwa harudi shule akiwa na moyo wa kumweleza rafiki chochote. Anaficha kazi kwa sababu anaficha matusi. Mwalimu, ukikuta daftari la hivyo, kabla ya kuuliza anafanya kazi saa ngapi, sikiliza anavyowataja watu wa nyumbani kwao.

Na wanaouguza tuwatenge kabisa na hawa wa gengeni. Binti anayemgeuza bibi kitandani usiku hahitaji siku mbili kwa wiki, anahitaji mtu mzima aingie nyumba ile. Hao waleteni kwetu.

---

Dada wa Nyanza:

Habari zenu, mimi ni wa upande wa Kenya, Homa Bay. Mnisamehe nikiingilia, lakini hilo la mvulana wa spana na msichana wa karai limenigusa.

Kuna mwanaanthropolojia wa Marekani, Carol Ember, aliyefanya utafiti kwetu Oyugis miongoni mwa Waluo, matokeo yakachapishwa mwaka 1973. Alitazama wavulana ambao nyumbani walipewa kazi zinazoitwa za wasichana: kuchota maji, kupika, kubeba watoto, mara nyingi kwa sababu hawakuwa na dada wa umri unaofaa. Akawatazama pia wakiwa na wenzao. Wavulana hao, hasa waliofanya kazi za ndani ya nyumba, hawakuwa wagomvi kama wale wengine, na walikuwa na utu zaidi kwa wenzao. Kwa hiyo kazi ya nyumbani inaweza kumfundisha kijana kuishi na marafiki, siyo kumnyang'anya tu.

Lakini mvulana anayepika kwetu bado anachekwa, na msichana anayepika hapewi hata asante. UNICEF walisema mwaka 2016 kwamba duniani kote wasichana wa miaka 5 hadi 14 wanatumia muda mwingi kwa asilimia 40 kuliko wavulana kwenye kazi za nyumbani zisizolipwa. Mama Genge, bila shaka una mvulana nyumbani. Yuko wapi saa 9?

---

Mama Genge:

Dada, umenishika. Yupo, ana miaka 13, yuko uwanjani na mpira. Baba yake anasema gengeni siyo mahali pa mtoto wa kiume.

---

Mkivu wa Kentucky:

Jambo kwenu wote. Mimi ni mtu wa Kivu, Uvira, tulipita kambi ya Nyarugusu huko Kigoma miaka mingi, sasa tuko Louisville, Kentucky. Huku hakuna genge wala maji ya kuchota. Lakini mtoto wangu wa miaka 16 ndiye mdomo wa nyumba.

Barua ya umeme ikija, yeye. Hospitali, yeye. Mimi na mama yake Kiingereza chetu ni cha salamu. Hospitali inapaswa kutafuta mkalimani, na ukiomba wanaleta, mara nyingi kwa simu. Lakini ofisi ya mwenye nyumba hawana, duka hawana, na mkutano wa walimu shuleni mara moja alikuwa mkalimani wa maneno yanayomhusu mwenyewe. Sasa mfikirie huyo kijana: wenzake wanapanga kwenda kwenye mpira wa kikapu, yeye anaomba ruhusa ya kutoka darasani kwa sababu baba ana miadi saa 4 asubuhi. Atawaambia wenzake nini? Kwamba baba yake hajui kusema? Anasema ameumwa tumbo. Wakaanza kumwita mgonjwa.

Mwalimu, umesema cha kwanza kinachompotea ni marafiki. Huku nimeona kwa macho. Alama zake zilikuwa nzuri muda mrefu baada ya marafiki kuisha, kwa sababu huku vitabu vipo na kompyuta ipo. Zilianza kushuka baadaye, alipokosa hamu ya kuamka kwenda shule. Tuliomwona kwanza amebadilika ni sisi wazazi, jioni, hasemi.

Tulichofanya: kanisani kuna vijana wengine wa Kikongo na wa Kirundi wenye kazi hiyohiyo ya ukalimani. Mchungaji akawakusanya Jumamosi. Wakaanza kusimuliana, huyu alivyoshindwa kumtafsiria daktari neno la bandama, yule alivyolia ofisini. Wanasaidiana masomo hapohapo. Na miadi yangu yote sasa naomba iwe baada ya saa za shule, na mkalimani naomba mwenyewe. Sentensi hiyo moja nimejifunza vizuri.

---

Mwl wa Kemia (mleta uzi):

Ndugu yangu wa Kentucky, asante sana. Hao vijana wa Jumamosi ndiyo kitu nilichokuwa nakitafuta bila kujua nikiite nini. Sisi tunamtoa kijana kwenye kazi ili akutane na wenzake wasio na kazi, halafu tunashangaa anajisikia mgeni. Katika darasa langu wapo wengi wanaouza, wanaolea wadogo, wanaosukuma mkokoteni wa maji, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Nitaanza na hao wenyewe kwa wenyewe.

Afisa Ustawi, la ugomvi nimelichukua. Nilikuwa naangalia saa tu.

Sasa Mama Genge. Umeuliza marafiki wa kusoma wanajulikanaje. Kwa uzoefu wangu, kijiwe kinazaliwa pale ambapo hakuna kazi ya kufanya na hakuna saa ya kuondoka. Wape vyote viwili. Wasizidi wanne. Waje na swali lililoandikwa na mwalimu, siyo "tunakuja kusoma". Simu ziwekwe kwako kwenye sanduku la hela. Atakayekuja bila daftari arudi kwao, na uwe wewe wa kusema, siyo mwanao, maana akisema yeye anapoteza rafiki. Na ufanye alichosema Kijana wa Chuo: wasiwe wageni wa huruma. Mmoja auze, mmoja asome, mwanao awafundishe kitu anachokijua yeye. Mtoto wa gengeni anajua faida na hasara kwa kichwa kabla ya mwalimu wa biashara kufika kwenye mada hiyo. Wenzake hawajui.

Bei zako zinayumba, naelewa. Basi tusiseme Alhamisi. Semeni usiku wa jana yake. Ukitoka sokoni ukaona kesho itakuwa ngumu, mwambie usiku huohuo, ili asubuhi aweze kumwambia mwenzake "leo sitakuwepo, njoo wewe gengeni". Yule binti wangu alipoteza rafiki kwa neno "kesho", siyo kwa kutokuwepo.

---

Mzee wa Ukonga:

Mwalimu, machungani nilikuwa na wenzangu saba. Wawili bado wapo, tunapigiana simu. Nimekuelewa.

---

Mama Genge:

Mwalimu, Jumatano soko huwa limelala kidogo huku kwetu. Nitajaribu Jumatano, benchi la ndani upande wa ukuta ili wateja wapate la nje. Na huyu wa mpira nimeshaongea na baba yake, siku hiyo atashika mzani yeye saa 9 hadi saa 11 halafu aende uwanjani. Baba amenuna lakini hajakataa.

Sasa wenzake huyu wa gengeni ni wasichana wawili na mvulana mmoja, na wasichana wanakaa ng'ambo ya reli. Nifanyeje kwenye kurudi?

---

Mwl wa Kemia (mleta uzi):

Waondoke saa 11:30, jua likiwepo, na waondoke pamoja. Chukua namba za mama zao leo, uwapigie wewe mwenyewe kabla ya Jumatano, wajue wako kwa nani na wanatoka saa ngapi. Usimwachie mwanao kupeleka ujumbe huo. Na mwone mwalimu wa darasa lake kesho asubuhi kabla ya paredi, mwombe maswali ya wiki hii ya Hesabu. Akisema hana muda, niandikie kwenye ujumbe wa ndani, nitakutumia ya kwangu ya kidato cha tatu.